Mkeka wa Posa

Mama yangu alikubali kupanda ndege kwa sharti moja: aondoke na mkeka wake.

Haukuwa msala wa kuswalia, ambao ungeingia mkobani bila matata. Ulikuwa mkeka wa ukindu wa watu wanne kukaa, wa zambarau na kijani, aliokuja nao kutoka Mombasa alipohamia kwangu ng'ambo, Sterling. Tangu siku hiyo ulikuwa umesimama nyuma ya mlango wa chumba chake, umefungwa kwa kipande cha leso. Pale uwanja wa ndege wa Dulles mfanyakazi wa mizigo aliuliza ni kitu gani kile kirefu. Binti yangu akamjibu kwa Kiingereza kwamba ni zulia la nyanya yake. Mama anasikia Kiingereza vizuri kuliko anavyokubali, akanigeukia mimi. "Mwambie si zulia," akasema. "Zulia lafagiwa na mashine."

Tulikuwa tunakwenda Tunisia kuletewa posa. Najua inasikika kinyume, na wenzangu kazini waliponiuliza nilichoka kueleza, nikawaambia ni likizo.

Kijana aliyemtaka binti yangu kwao ni huko, kwenye mji mkongwe uliojengwa mgongoni mwa kilima, unaotazama bahari ya Mediterania. Lakini yeye anaishi karibu na kwetu na anafanya kazi kwenye moja ya majumba yale makubwa yasiyo na madirisha, ambamo kompyuta zinapepewa kuliko watu. Walijuana na binti yangu kwenye futari ya msikitini. Siku aliyokuja kuomba ruhusa alikuja amevaa suti, na maua mkononi. Mama aliyatazama maua, kisha akatazama nyuma ya kijana kuona nani anafuata. Hakukuwa na mtu.

"Wenyewe wako wapi?" akaniuliza.

Kijana akaeleza kwamba wazazi wake walishafariki, kwamba amelelewa na nyanya yake kule kilimani, na kwamba nyanya hasafiri.

"Basi tutasafiri sisi," Mama akasema. Nilimtazama vizuri, maana huyu ni mtu ambaye kumtoa nyumbani kwenda dukani ni shughuli ya asubuhi nzima. "Lakini kwake siingii. Sisi ndio wa kuombwa. Tutakaa mahali petu, na posa ataileta yeye, hapo nilipo mimi."

Baba wa binti yangu, tulioachana naye zamani, alishatoa idhini kwa simu, na kwa sheria hilo lilitosha. Kwa Mama halikutosha, na mimi najua kwa nini.

Mimi mwenyewe niliolewa kwa simu. Nilikuwa nimeshafika huku, nikikaa Takoma Park kwenye chumba cha kupanga nyumbani mwa watu, na mchumba wangu alikuwa huku vilevile. Watu wake waliahidi kwenda kwa Mama, Mombasa, kuposa kama inavyoposwa. Mama alifagia nyumba, akatandika mkeka huuhuu sebuleni, akapika kahawa tungu, akavaa leso mpya, akakaa. Hawakuja. Walimpigia simu mjomba wangu, mjomba akakubali, ndoa ikafungwa, kila mtu akafurahi. Jioni ile Mama aliukunja mkeka. Baadaye, miaka ilipokwisha kupita na ndoa yenyewe imekwisha, alinieleza jambo hilo kwa maneno machache tu: "Nilitandika mwenyewe, nikakunja mwenyewe." Hakunilaumu. Angenilaumu ningejibu, lakini hilo halikuwa na jibu.

Kwa hiyo nilikaza kibwebwe. Nilijiambia kwamba liwe liwalo, posa ya mwanangu italetwa juu ya mkeka ule, na Mama atakuwepo juu yake.

Nilichukua vyumba viwili kwenye hoteli ya ufukweni, chini ya kilima. Ilikuwa hoteli ya starehe hasa, yenye mabwawa ya kuogelea yaliyopindapinda, muziki tangu asubuhi, na wageni wekundu waliolala juani bila kugeuka. Chumba chetu kilikuwa na jiko dogo la umeme, kwa sababu Mama hawezi kuishi kwa chakula cha watu, na kilikuwa na baraza. Mwanamke wa mapokezi alitusikitikia kwamba baraza hiyo haitazami bahari, inatazama mlima. Mama akasema ndiyo anayoitaka.

"Bahari naijua," akaniambia tulipobaki peke yetu. "Na hii yao imetulia kama maji ya birika."

Kutoka barazani mji wote ulionekana: nyumba nyeupe zimepandiana mabegani, madirisha ya buluu, mnara wa msikiti wenye pembe nyingi, na juu kabisa ukuta wa ngome ya kale. Kijana alituonyesha kwa kidole nyumba ya nyanya yake. Ilikuwa ya mwisho kabla ya ngome, na dirisha lake la mbao lilikuwa limejitokeza nje ya ukuta. Mama alilitazama muda mrefu. Tangu hapo kila asubuhi alishuka na buibui lake, akakaa chini ya mwavuli wa ufukweni, akageuza kiti akaipa bahari mgongo. Wageni wengine walimwona kituko. Yeye aliwaona wao hivyohivyo.

Alasiri ya kwanza alitandika mkeka barazani. Akapika kahawa, akapanga vikombe. Binti yangu alijifungia chumba cha pili kama inavyompasa mwari anayeposwa, ingawa nilisikia anazungumza na kijana kwenye simu muda wote. Tulikaa. Jua likashuka upande wa pili wa kilima. Ndipo akaja kijana peke yake, na sahani mikononi iliyofunikwa kitambaa.

Ilikuwa kuskusi yenye samaki, yenye pilipili ya kukuamsha. Kijana akasema nyanya yake anatusalimu na anatukaribisha nyumbani, wakati wowote, nyumba ni yetu.

"Mwambie twamshukuru," Mama akasema. "Na mwambie twamngoja."

Kijana akainua macho kilimani, akaaga. Alipoondoka Mama aliukunja mkeka, akaufunga kwa kile kipande cha leso. Nilitaka kumsaidia akanikataza kwa mkono. Iliniuma kumwona, nikaingia ndani kuosha vikombe ambavyo havikutumika.

Sasa kulikuwa na sahani. Ilikuwa ya udongo, nzito, imechorwa samaki wawili wa kijani wanaofuatana mkia. Kwetu ukiletewa chakula, chombo cha mtu hukirudishi kitupu. Sterling penyewe Mama ameshika hivyo hivyo. Jirani yetu, mama mmoja wa El Salvador, aliwahi kutuletea chakula kwenye bakuli la plastiki, na bakuli hilo mpaka leo linavuka ukumbi huku na huku, kila mmoja anaogopa kuwa wa mwisho. Kwa hiyo asubuhi Mama alifungua mkoba aliokuja nao na kutoa unga, iliki, tui la kopo na kikaango. Akakanda mahamri. Alipoanza kukaanga, kengele ya moshi ikalia, na meneja wa zamu akaja mbio kwenye ngazi. Mama alimpa mahamri mawili kwenye karatasi. Meneja akala palepale mlangoni, akafungua madirisha mwenyewe, akaenda zake.

"Wewe utapeleka," Mama akaniambia. "Lakini usivuke kizingiti. Ukiingia wewe nimeingia mimi."

Nikapanda. Magoti yangu ni ya mtu aliyeinua wazee wa watu kwa miaka mingi, maana hiyo ndiyo kazi yangu kule Arlington, kutunza wasiojiweza majumbani mwao. Njia ya kilimani huanza kwa upole kati ya maduka ya vyungu na vikapu, halafu inageuka ngazi. Nilipita milango ya buluu iliyopigwa misumari mikubwa kwa mapambo, nikakumbuka milango ya Mji wa Kale, Mombasa. Nilipita paka waliolala katikati ya njia wakijua hakuna gari litakalofika. Mwanamume mmoja aliuza vishada vya asmini, akanivisha kimoja sikioni bila kuniuliza. Nilifika nikihema.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke wa makamo, mpwa wa yule bibi. Alipokea sahani kwa mikono miwili, akanusa iliki, akatabasamu, akanishika mkono kunivuta ndani. Nikaweka mkono kifuani, nikatikisa kichwa. Akanivuta tena. Nikakataa tena. Akanitazama kwa huzuni ambayo sikuielewa, na mimi nikashuka kilima nikijiona mtu mwenye adabu sana.

Jioni sahani ilirudi. Mkeka ulikuwa umetandikwa, kahawa imepikwa, na aliyekuja ni kijana yuleyule na sahani ileile, safari hii na vipande vya semolina vilivyojazwa tende. Mama akala kimoja, akafumba macho.

"Yuajua," akasema. "Maji ya maua ya mchungwa ametia, wala hakuyazidisha."

Tukaenda hivyo. Mama alipeleka kaimati, bibi wa juu akaleta zeituni na mkate. Mama alipeleka vibibi vya unga wa mchele, zikaja pilipili zilizochomwa na kupondwa pamoja na nyanya. Hawakujuana sura wala lugha lakini kila mmoja alianza kumjua mwenzake mkono. Mama akawa anamtaja kwa jina hilo, bibi wa juu, kama mtu wa mtaa mmoja naye. Siku chumvi ilipopungua aliniuliza kama bibi wa juu yu mzima. Hata hivyo kila jioni mkeka ulikunjwa, na kila jioni ulikunjwa polepole zaidi.

Siku za kuondoka zilikaribia. Binti yangu Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na siku hiyo Kiingereza chake kilikuwa kikali. Alinikuta nakunja nguo barazani. Akaniambia kwamba huu ni upuuzi, kwamba mtu mmoja hashuki na mwingine hapandi na wote wanabadilishana vyakula kama mabalozi.

"Basi uolewe tu," nikamwambia. "Baba yako kashakubali."

Akatikisa kichwa. "Not without Bibi," akasema; bila nyanya yake haolewi. Alikuwa analia. Nilimkumbatia, na nikiwa nimemshika niliamua kwamba hatutapanda ndege ya kurudi bila jambo hili kwisha.

Asubuhi nilitwaa sahani kama kawaida, lakini nilikuwa na nia nyingine. Nilitaka kusimama pale mlangoni mpaka yule bibi atoke mwenyewe aniambie usoni kwa nini hashuki. Nilikuwa na hasira, na kwa hasira nikakosea njia. Nilifuata kichochoro kilichopanda kuliko kile changu, nikatokea chini ya ukuta wa ngome, juu ya nyumba za watu. Kule kilimani paa la mmoja liko chini ya miguu ya mwingine. Nilitazama chini nikaiona nyumba ya bibi wa juu, na kwenye paa lake nguo zilizoanikwa.

Palikuwa na mashuka, mengi kuliko mahitaji ya nyumba ile. Na kati ya mashuka palikuwa na vile vitambaa vinene vya mraba vyenye mpira upande mmoja, vinavyotandikwa chini ya mgonjwa asiyeinuka kitandani. Vimepangwa kwa safu, vinakauka juani. Vitambaa hivyo mimi navifua Arlington kila siku ya Mungu. Ningevijua hata gizani kwa kuvishika.

Nilishuka mpaka mlangoni. Mpwa alipofungua, nilivuta pumzi, na nyuma ya harufu ya vitunguu nikapata harufu ya marhamu ya ngozi, ile ya kupaka mgongo usichubuke. Siku zote hizo ilikuwapo, ila nilisimama hatua moja mbali mno. Mtu yeyote mwingine duniani angeingia siku ya kwanza, akaketi, akaona. Sisi tulikuwa na adabu zetu.

Nilimpa sahani, nikashuka mpaka kwenye mkahawa mmoja wa njiani ambapo kijana alikuwa amekaa na simu yake, nikavuta kiti.

"Nyanya yako hajatembea tangu lini?" nikamwuliza.

Akaweka simu kifudifudi. Akaniambia alianguka msimu wa baridi mmoja, nyonga ikavunjika, na tangu hapo miguu haikurudi. Kitanda chake kimewekwa dirishani. Akasema nyanya alimwapisha asituambie. Aliogopa tungesema kwamba mjukuu hatafuti mke, anatafuta mtu wa kumwogesha bibi kizee. Na ilikuwa mbaya zaidi, akasema akitazama chini, kwa sababu alishamweleza kazi ninayofanya mimi.

Nilikasirika naye, nikamwambia. Nilimwambia kwamba kuna watu wawili wazee wanateseka kwa ajili ya heshima na yeye amekaa katikati anabeba sahani. Akakubali. Hasira ikanishuka, maana sahani nilizibeba mimi pia.

Nilimkuta Mama chini ya mwavuli wake, ameipa mgongo bahari.

"Mama," nikasema, "bibi wa juu si kwamba hataki kushuka. Hawezi. Hatembei."

Alikuwa anatazama lile dirisha.

"Alokuwa akificha ni nani? Yeye ama mjukuu?"

"Yeye. Aliogopa tutadhani wanatafuta mtumishi."

"Hapo simlaumu," Mama akasema. "Mimi nami uliponiletea kile kigari cha kutembelea nilikwambia chaharibu zulia."

Nilikuwa sijasahau. Kigari hicho kiko Sterling, kwenye kabati la makoti, hakijakanyaga hata sakafu.

Nikamwambia kuna njia. Kijana anaweza kumpigia nyanya yake simu ya video, wakaonana, yule bibi akasema maneno yake, tukajibu, kazi ikaisha leo hii. Hata kabla sijamaliza niliona uso wake na nikajua nimesema nini.

"Posa ya simu," akasema. "Tena."

Akashika mikono ya kiti, akainuka.

"Nichukulie mkeka."

"Ulisema kwake huingii."

"Siingii kwake. Naenda kukaa kwenye mkeka wangu."

Sahani ilirudi mchana ule ule, mapema kuliko kawaida, na Mama akaijaza mahamri, akaifunga kwenye leso. Kigari cha umeme cha hoteli kilitufikisha kwenye lango la mji wa kale, hapo kikakoma. Mimi nilibeba mkeka begani. Binti yangu alimshika nyanya yake mkono upande mmoja, na upande mwingine Mama alikumbatia sahani, hakutaka kuitoa. Kijana alitukuta kwenye ngazi za kwanza. Alimtazama Mama, akazitazama ngazi, akajitolea kumbeba.

"Mwambie asante," Mama akasema. "Nikibebwa itakuwa mimi ndiye niloletwa."

Tulipanda kituo kwa kituo. Kila kizingiti chenye kivuli Mama alikaa, na kila alipokaa mlango ulifunguliwa na mtu akatoka na maji. Mzee mmoja alileta kiti cha plastiki, akatufuata nacho nyuma mpaka kona mbili mbele. Mama alikuwa anatoka jasho chini ya buibui na midomo imekauka. Nilimsihi turudi. Nilimsihi kweli, kwa sababu najua moyo wa mtu wa umri ule unapopiga vile. Akanitazama kama alivyonitazama nilipokuwa mtoto.

"Hizi ngazi zimejengwa na mtu asiyekuwa na mama," akasema, akainuka.

Mlango wa juu ulikuwa wazi. Nadhani walituona tangu chini. Mpwa alisimama pembeni, na safari hii hakumvuta mtu mkono. Mama alitoa salamu kizingitini, na sauti nyembamba ikamjibu kutoka ndani.

Chumba kilikuwa na kitanda kirefu cha mbao, kile cha kizamani cha kupandia kigoda, kimesogezwa dirishani. Juu yake aliketi mwanamke mdogo wa umbo, mabega yamefunikwa shali jeupe, nywele zimetiwa hina. Alijiweka sawa mwenyewe, nilijua kwa namna mito ilivyopangwa. Nilitazama dirishani nyuma yake nikaona ufuo wote, na bwawa, na safu za miavuli, na ule mwavuli wetu wenye kiti kilichogeuzwa. Kwa hiyo siku zote hizo alikuwa anamwona Mama, na Mama alikuwa anamtazama yeye.

Mpwa alileta kiti cha mgeni. Mama akatikisa kichwa, akanionyesha sakafu. Nikatandika mkeka katikati ya chumba, zambarau na kijani juu ya vigae vyao, na Mama akaketi polepole, akavuta miguu upande, akaweka sahani mbele yake. Binti yangu alichukuliwa jikoni na wanawake, kama inavyotakiwa. Mimi niliketi nyuma ya Mama. Kijana akakohoa akaanza kusema, Mama akamnyamazisha kwa kiganja.

Mmoja juu, mmoja chini, wanatazamana. Nilisikia watalii wanacheka mahali njiani. Nikawaza kwamba Mama ametoka Sterling mpaka hapa kumaliza safari kwa kumwaibisha mwanamke mgonjwa nyumbani kwake.

Ndipo bibi wa juu akamwambia mjukuu wake kitu. Kijana akakataa. Akasema tena, maneno yaleyale, bila kupandisha sauti, na akajifunua blanketi.

Nilikuwa nimeshainuka kabla sijajua. Mikono yangu ilikwisha kunyooshwa. Yule bibi akanigeukia, akainua kiganja, kama alivyofanya Mama, na nikamwelewa. Mtu yeyote angeweza kumshusha isipokuwa mimi. Nikakaa.

Kijana alikuwa hajui. Alimshika chini ya makwapa kama anayevuta gunia, na bibi akauma mdomo.

"Simama," nikamwambia kwa Kiingereza kutoka pale nilipoketi. "Mgeuze kwanza, miguu ining'inie. Mkono mmoja mgongoni, mmoja chini ya mapaja. Kunja magoti yako, si mgongo. Mwambie akushike shingoni. Sasa hesabu naye, muinuke pamoja."

Akafanya. Mimi mikono yangu nilikuwa nimeifungia mapajani, na kukaa tu kulinichosha kuliko kuinua watu wazima siku nzima. Alimzungusha, akapiga goti moja, kisha la pili, akamshusha. Nyayo zake ndizo zilizogusa ukindu kwanza, nyeupe, laini, nyayo za mtu asiyekanyaga chini siku nyingi. Mpwa akamwekea mto mgongoni. Sasa walikuwa wamekaa goti kwa goti, Mama na yeye, juu ya mkeka mmoja.

Alihema kidogo, akakaza shali lake, akaanza. Akalitaja jina la Mungu, akamswalia Mtume, kisha akaomba. Kijana alifasiri kwa Kiingereza na mimi nikaanza kumfasiria Mama kwa Kiswahili, sentensi ya kwanza, ya pili.

"Wacha," Mama akasema bila kunitazama. "Naelewa."

Kiarabu chake ni cha kusomea Kurani, na kile cha kilimani hakijui. Lakini alisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa mahali panapostahili. Njiani alikuwa ameniambia kwamba posa haijibiwi siku hiyohiyo, kwamba atawaambia wasubiri, atakwenda kuulizia watu wake, awachezeshe kidogo kama watu wenye thamani wanavyofanya. Nilikuwa tayari kwa hilo. Badala yake alifungua leso, akatoa hamri moja kwenye sahani ya samaki wawili, akalikata kati kwa mikono. Nusu akampa bibi wa juu.

"Mwambie tumepokea," akasema, na akajifuta macho kwa ncha ya leso, hakujificha. Mimi nililia kwa sauti, sikuona haya. Kutoka jikoni vikasikika vigelegele, nadhani ni mpwa, halafu na binti yangu, ambaye nilikuwa sijui kama anajua kupiga.

Tulikaa mpaka jua likaondoka dirishani. Walikula, wakaonyeshana vidole vilivyopinda kwa baridi ya mifupa, wakacheka mambo ambayo hatukufasiri. Wakati wa kuondoka nilimsaidia Mama kusimama. Bibi wa juu alibaki ameketi palepale, miguu imenyooshwa, kiganja kinapapasa ukindu. Kijana alikuwa akijiandaa kumwinua kurudi kitandani, nami nikainama kwenye pembe ya mkeka ili akishatoka tu niukunje, maana ndege ilikuwa kesho yake.

Mama akanigusa bega.

"Wacha," akasema. "Mkeka una mtu."